Nilimuua Papa Lombe ku Mikro

Mama Victorine wa gazeti, jambo sana. Mbele ya kunikaripia naomba usome kwanza mpaka mwisho, sababu ukiachia katikati utasema huyu mwanamuke iko na wazimu, na pengine ni kweli, lakini hii wazimu iko na mwanzo wake na nataka uione.

Niko na miaka makumi tatu na munane, sina bwana, sina mutoto, naishi peke yangu hapa Lubumbashi, mutaa wa Hewa Bora, na kazi yangu ni kuandikia bantu makaratasi ku ordinateri, ile kompyuta, barua ya kuomba kazi, mapatano ya kupanga nyumba, na zaidi ya yote matangazo ya kilio, ile yenye picha ya marehemu juu na majina ya batoto chini, nimeiandika mingi mpaka vidole yangu inaijua bila mimi. Bantu banaingia, banasema, naandika, banatoka. Banasema "Mama wa ordinateri, fanya mbio." Kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya tano ya juma hakuna hata mumoja mwenye kuita jina yangu, na ku nyumba ni vile vile, ni mimi na radio.

Baba yangu, Papa Stanislas, alitumika ku Mokambo, kule ku mupaka na Zambia, kazi yake ilikuwa kupitisha makaratasi ya makamyo ku duane, kule banalipisha ushuru. Kingereza alijifunza kwa bashofere ya Zambia, na kwa filme, lakini si kila filme, Mama, Baba alipenda tu filme ya babandi ya Londres, majambazi ya London kule Uingereza. Ile ya bazee yenye makoti murefu, habapigi makelele, habakimbii, mukubwa yao anakaa mu bar yake anakunywa chai na maziwa, anakuuliza polepole habari ya mama yako, kisha anaambia bijana yake bakuvunje miguu. Mama yangu alikufa nikiwa mudogo, kwa hiyo kila vakansi, masomo ikifungwa, nilimufuata Baba ku Mokambo na tuliangalia hizo filme sisi bawili, yeye anageuza maneno mu Kiswahili mustari kwa mustari, na anafanya sauti yote, ya mukubwa, ya musaliti, ya mama ya musaliti mwenye kulia. Na kila mara alikuwa anauliza ulizo moja: "Hawa bantu, mbele ya kuua muntu, kwa nini banakunywaka kwanza chai?" Tulikuwa tunacheka kila mara sawa vile hatujaisikia.

Miaka ine iliyopita, mwezi wa pili, mvua ya kweli, baliniita ku simu: Baba alianguka ku kazi na hakuamuka tena. Nilipanda kamyo ile ile siku, lakini njia ya Mokambo ilikuwa matope tu, makamyo imekwama moja nyuma ya ingine, tulikaa pale siku tatu, na wakati nilifika balikuwa bamekwisha kumuzika, na kilio ilikuwa imevunjika, bantu bamerudi kwao. Nilikuta mwanaume mumoja anafunga viti ku kinga yake, baiskeli ya zamani, viti ya kukodi, anairudisha, njo yeye alinionyesha kaburi. Bandugu yangu bawili, mumoja iko Kinshasa, ingine iko Johannesburg, balilia ku WhatsApp. Niliporudi Lubumbashi, bajirani baliniuliza: "Kilio iko wapi, tukuye?" Nikasema imeisha, ilifanyika kule. Bakasema "Aah, basi," bakaenda. Sibalaumu, bangekaa wapi? Asubui yake nilifungua kazi, na muntu wa kwanza kuingia alikuwa na tangazo ya kilio.

Sasa nakuya ku zambi yangu. Mwaka jana niliona mesaji ku simu, radio moja ya kuchekesha bantu, ya internet tu, inaitwa Radio Chekelea, inatafuta bantu ya kujitolea, mushahara hakuna, upendo iko. Studio yake ni chumba nyuma ya salon ya nywele ku Bel-Air, kuta yote imefunikwa na magodoro ya zamani ili makelele isiingie, na bado inaingia, unasikia banamuke kule mbele banabishana juu ya meche, nywele ya kusukia. Mwenye radio ni Guelor, kijana muzuri, mwenye haraka. Aliniuliza naweza kufanya nini. Nikamwambia naweza kuadisia bantu filme ya babandi ya Londres, na kufanya sauti yote. Alicheka, kisha akanipa siku ya posho, njo kusema jumamosi, saa kumi, na akanipa jina ya ku mikro, Madame Londres.

Mama, ile siku ya kwanza nilifungua kinywa na sauti ya Baba njo ilitoka. Mukubwa mwenyewe, polepole, na chai yake. Nilitoka pale na furaha, nikatembea kwa miguu mpaka ku nyumba sababu sikutaka kukaa mu taxi na bantu yenye kuongea habari ingine.

Lakini hakuna muntu aliandika. Wiki moja, wiki mbili, wiki tatu. Na unajua bantu yetu, Mama, muntu hasikilizi radio juu ya maneno, anasikiliza ili asikie banaita jina yake na ya bibi yake na ya shemeji yake. Guelor akaniambia: "Madame Londres, emisyo ya radio bila salamu ni maiti. Mwezi ukiisha hauna salamu, hii saa nitaipea muntu wa mupira." Ile siku nilikaa mbele ya mikro, nikaangalia ku dirisha, kulikuwa kamyo imesimama, ku mulango yake bameandika LOMBE kwa rangi nyekundu na chini yake KASOMENO. Nikasema: "Tuko na salamu ya Papa Lombe wa Kasomeno, muzee wa bata, anasalimia bibi yake, anasalimia bata yake yote, na anauliza: hawa babandi, mbele ya kuua muntu, kwa nini banakunywaka kwanza chai?"

Mu dakika kumi mesaji ikaanza kuingia. Caleb wa Kipushi, Daniella yenye iko Liège kule Bulaya, bote banacheka, bote banataka kujibu Papa Lombe. Siku ya posho iliyofuata nikamuleta tena. Akasema bata mumoja amekataa kulala mu nyumba ya bata, amemupa jina Mukubwa. Akasema bibi yake anamukataza kusikiliza babandi mbele ya kuomba. Kila kitu Baba alisemaka nikampa Papa Lombe akiseme, na ile Baba hakuwahi kusema nikatunga, na Guelor akaacha kuongea juu ya mupira, na mimi, Mama, nilianza kurudi ku nyumba siku ya posho nikifikiria Papa Lombe atasema nini wiki ijayo, nikichemusha chai, nacheka peke yangu mu cuisine. Nakuambia kweli yote, miezi saba sikuwa peke yangu.

Kisha akakuya Papa Adalbert. Huyu ni muntu wa kweli. Bazazi yake ni bantu ya Kaskazini ya Katanga, baba yake alikuwa muntu wa relwe na yeye pia alikuwa muntu wa relwe, kazi yake ilikuwa kufungamanisha mabehewa, sasa iko muzee, mujane, batoto bametawanyika, anakaa peke yake mu nyumba ya kambi ya zamani. Haandiki, anatuma sauti, na mu sauti unasikia kikohozi na saa ya ukuta. Akasema: "Madame Londres, ule Lombe wa bata, muulize kama alitumikaka relwe. Niliishi na rafiki yangu anaitwa Lombe, tulikula mu sahani moja, alifugaka bata mu kambi, chef alimukaripia kila siku juu ya wale bata. Kazi ilipoisha alisema anarudi kwao, ngambo ya Kasomeno. Ni miaka makumi mbili na sita. Sijasikia hata neno."

Ningesema hapana. Neno moja, hapana Papa, si yeye. Lakini niliwaza vile atanyamaza, na vile bantu bote bangesikia radio ikinyamaza, na nikaogopa, nikafungua mikro nikasema: "Papa Lombe anajibu: Adalbert, nakukumbuka."

Alilia, Mama. Alituma sauti ya kulia tu, hakuna maneno. Kutoka pale kila wiki alileta kitu, unakumbuka ile treni iliyobaki siku mbili mu pori, unakumbuka mama yangu vile alikuita mukwe, na mimi nikajibu ndiyo, nakumbuka, nakumbuka. Akaomba namba. Nikasema simu ya Papa Lombe ilianguka mu maji. Akasema basi ikifika kiangazi atapanda kamyo aende kumuona mbele haijafika siku ya mumoja yao kufa. Kiangazi ikafika. Njo pale nilifanya ile kitu. Niliandika tangazo, vile naandikaka kila siku ku kazi, na siku ya posho, saa kumi, mbele ya filme, nikaisoma: familia iko na huzuni ya kujulisha bandugu, barafiki na bajuani kifo cha Papa Lombe, kilichotokea kule Kasomeno. Na pale katikati nikashindwa. Nililia mpaka Guelor akaweka muziki. Bantu balisema sijawahi kufanya emisyo muzuri sawa ile. Habakujua nalilia nani, na mimi pia sikujua mpaka nilifika ku nyumba.

Nilifikiri imeisha. Kumbe nilisahau bantu yetu. Haikupita saa moja, ku simu ni ulizo moja tu: kilio iko wapi? Nikajibu vile nilijibuka bajirani yangu, bamekwisha kumuzika, kilio imevunjika. Bengine bakasema "Aah, basi." Papa Adalbert hakusema basi. Siku ya pili yake alivaa koti yake ya kuenda ku misa, akanunua mufuko wa unga, akapanda juu ya kamyo ya Kasomeno, muzee yenye magonjwa ya kifua, Mama, akaenda kutafuta kilio. Siku tatu aliuliza nyumba kwa nyumba. Balimuonyesha bantu ya jina ya Lombe, si yeye. Chef wa kartie, mukubwa wa mutaa, akamwambia hapa hakuna muntu amekufa hii mwezi. Akarudi na unga yake.

Alinitumia sauti, nimeisikiliza mpaka naijua. Anasema: "Madame Londres, rafiki yangu alikufa bila kilio. Hata bantu ya kule habamujui. Njo kusema aliishi peke yake sawa mimi, na ile bibi na bata alituambia tu ili tusimusikitikie. Unga yake iko hapa mu kona, nashindwa kuipika, ni ya kilio. Siku ya posho nitakuya ku studio, nipe mikro, niseme Lombe alikuwa nani, naye akuwe na kilio." Guelor amekubali mbio mbio, ametengeneza na tangazo, picha ya Papa Adalbert na koti yake.

Nifanye nini, Mama? Nikimuacha aseme, nitakaa mbele yake namuangalia akimulilia muntu ambaye nilimutoa ku mulango ya kamyo. Nikimwambia kweli, namuua, na radio inaisha, na radio ikiisha sijui nitaongea na nani. Barafiki bengine sina. Wakati mwingine nawaza nimwache tu aseme, alie, arudi kwake na amani, nani ataumia? Naomba usiandike jina yangu mu gazeti.

Madame Londres, Hewa Bora.


MAMA VICTORINE ANAJIBU

Mwana yangu, nilisoma mpaka mwisho vile uliniomba, sasa ni zamu yako kunyamaza. Jibu hii nimekutumia ku ile namba ya simu ilileta barua, siku ile ile ilifika, sababu gazeti inatoka nyuma ya ile siku yako ya posho na sikutaka ufike pale mikono mitupu. Basomaji bataisoma nyuma, na majina nimeigeuza.

Kwanza: pole ya Papa Stanislas. Pole sana, mwana yangu. Muntu wa duane mwenye kutoka ku kazi amechoka na bado anageuzia mutoto wake filme nzima mustari kwa mustari, huyo hakuwa baba wa mchezo. Miaka ine hakuna muntu alikaa na wewe hata dakika moja juu yake, na ile ni vibaya, na si kosa yako. Umesikia? Basi. Upole umeisha, tuingie mu kazi.

Salamu ya uongo sitaipigia kelele. Nilizalisha banamuke hii muji miaka makumi tatu na moja, nimesikia bantu bakidanganya juu ya mambo makubwa kuliko bata. Muntu mwenye njaa ya kuongea ataongea hata na kamyo. Lakini siku Papa Adalbert aliuliza kama ni rafiki yake, mchezo ilikuwa imeisha, na wewe uliendelea. "Nakukumbuka." Nani alikumbuka? Wewe ulikuwa mutoto unacheza kamba ile wakati. Uliingia mu moyo wa muzee bila hodi, ukakaa ku kiti ya rafiki yake, ukakula kumbukumbu yake wiki kwa wiki, na alipotaka kukuona uso ukajifanya umekufa. Aibu, binti. Aibu kweli.

Na unaniuliza nani ataumia. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu moja na haiko, njo maana najua hata haujaiona. Unalia juu ya Papa Lombe wa mulango ya kamyo. Na Lombe wa relwe je? Ule wa nyama na mifupa, ule wa sahani moja? Nani alikuambia amekufa? Pengine iko Likasi kwa mutoto wake. Pengine iko Kasenga, anafukuza bata ya kweli, anauliza na yeye: Adalbert alipoteleaka wapi? Miaka makumi mbili na sita Papa Adalbert alimutafuta, alitega sikio ku kila radio, mpaka yako. Leo ameacha kumutafuta. Ameacha sababu wewe ulimusomea tangazo, na maneno yako yote ya fundi. Umemuzika muntu pengine angali muzima, na unataka muzee akuye ku mikro siku ya posho apigilie sanduku musumari. Hata babandi yako ya Londres benyewe bananyanyua kwanza shuka baone nani iko ndani.

Kwa hiyo, ku mikro haendi. Si bila kujua. Sikiliza vile utafanya.

Utaenda kwake siku ya ine ya juma, mbele ya posho, mchana, bantu bangali mu njia. Hautatuma sauti, hautaandika, na Guelor abaki ku radio yake. Funga kitambaa, vaa vile ungevaa kuenda kumuona baba mukubwa. Akikupa kiti, usikikalie, kaa chini. Yeye ni muzee, akiona mwanamuke mukubwa anakaa chini atajua neno ni zito, atajitayarisha. Na usizungushe. Usianze na habari ya kikohozi na habari ya batoto na chai na maziwa, sawa mukubwa wako mbele ya kuvunja bantu miguu. Sema: Papa, mimi njo Madame Londres, jina yangu ni hii. Ule Lombe wa ku radio nilimutunga. Rafiki yako sijui kama alikufa ao ni muzima. Mwenye alikufa ni baba yangu. Kisha funga kinywa. Neno "lakini" uliache kwako Hewa Bora.

Atakasirika. Iko na haki. Akikutukana, pokea, ni yako. Akikufukuza, toka, uache namba yako kwa jirani, na kesho yake usirudi kumusumbua ili wewe ujisikie muzuri. Sitakudanganya kwamba atakusamehe, simujui. Najua tu kitu moja: utakuwa umemurudishia rafiki yake kati ya bantu bazima, na hiyo ni kubwa kuliko emisyo yote uliyofanya.

Na kama hakukufukuza, angalia mu kona. Ile unga. Amesema anashindwa kuipika sababu ni ya kilio, na anasema kweli, hata mimi isingepita mu koo. Wewe uko na baba alizikwa bila wewe, na yeye iko na unga bila kilio. Muombe sufuria. Pika bukari, ugali yetu, nunua sombe ya majani ya muhogo kwa mama yoyote wa ku njia, mukule nyinyi bawili mu sahani moja, na umuadisie Papa Stanislas alikuwa nani. Muzee alifunga koti yake na kupanda juu ya kamyo juu ya muntu hakumuona miaka makumi mbili na sita. Huyu anajua kukaa ku kilio kuliko bajirani yako bote.

Guelor pia atajua kweli, kwa kinywa yako, mbele ya siku ya posho. Akikutoa, akutoe. Ni radio ya internet nyuma ya salon, mwana yangu, haiko mbingu. Kisha utafungua mulango ya kazi yako, na muntu wa kwanza akikuita Mama wa ordinateri utamwambia: niko na jina. Anza pale. Utashangaa. Lakini nafikiri hatakutoa, bijana habatupi bantu yenye kuliza basikilizaji. Basi akikuacha, ile saa kumi utaitumia vizuri: utasema mbele ya bote kwamba ulidanganya, kwa maneno mafupi, bila kulia sana, kilio ya kuomba huruma tutaijua. Na utatoa tangazo ya kweli, wewe fundi wa matangazo: anatafutwa Lombe, alikuwa relwe, alifungamanisha mabehewa na Adalbert, alifuga bata mu kambi, chef alimukaripia. Caleb wa Kipushi aulize Kipushi. Daniella wa Liège aulize bazee ya Katanga kule Bulaya. Kila siku ya posho, mpaka apatikane ao tupate kaburi yake ya kweli. Filme ifuate nyuma, na sauti yote, usiache hata moja, sababu ile ni urizi baba yako alikuachia.

Neno la mwisho, na hili ni langu mimi, si la muzee. Barua yako ni ndefu. Umeandika jina ya kila muntu, umeandika hata jina ya bata. Yako haiko. Unalalamika hakuna muntu anaita jina yako, na hata mimi unaniandikia na jina ya ku mikro. Ningekuita je?

Siku ya posho, mbele ya yote, soma salamu moja, ya kweli. Sema jina yako nzima, ile alikupa Papa Stanislas. Sema jina yake. Sema Mokambo, sema mwezi wa pili, sema njia ilikuwa matope na ulichelewa. Kisha sema: kilio iko hapa. Na unyamaze kidogo pale ku mikro, usiogope radio ikinyamaza, uache bantu bapate mahali ya kukaa.

Mama Victorine